VIDONGE VYA MAJIRA NA DAMU YA UKOO

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Sikonge



Leo tunaacha kando habari za mbolea, mizinga ya nyuki na bei ya tumbaku. Tutazungumza jambo ambalo akina mama huliongea kisimani, tena kwa sauti ndogo. Ni vidonge vya majira, yaani vidonge vya kupanga uzazi. Akina baba msiondoke. Jambo hili ni lenu pia, na mbele huko kuna swali ambalo ninyi tu mnaweza kulijibu.

Tumelichagua kwa sababu ya karatasi moja. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, aliandika swali kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli, akalileta darasani. Hatutataja jina lake wala kijiji chake. Aliandika hivi: "Mdogo wangu wa tumbo moja alijifungua salama. Siku ya kumi mguu mmoja ukavimba. Siku ya kumi na mbili akashindwa kupumua, akafa. Hospitali walisema damu iliganda. Alikuwa na miaka 27. Mimi nina watoto watano na ninameza vidonge. Je, nivitupe leo?"

Swali kama hilo halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Sisi tulisomea ualimu, hatukusomea udaktari. Kwa hiyo tuliwauliza wauguzi, tukasoma miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ndipo tukarudi hapa. Basi sikilizeni.

Damu huganda kwa nini?

Ukijikata na panga shambani, damu hutoka, halafu huganda na kuziba kidonda. Hiyo ni kazi njema. Kama damu isingeganda, mtu angekufa kwa mwiba.

Shida huanza pale damu inapoganda ndani ya mshipa, mahali ambapo hakuna kidonda cha kuziba. Mara nyingi hutokea katika mishipa mikubwa ya mguu, ile inayorudisha damu juu, moyoni. Fikirini: damu ya mguuni inapanda mlima. Nani anaisukuma? Ni shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, nyama ya shavu la mguu hubana mshipa na damu hupanda. Wazee wetu wapagazi walitembea toka Tabora mpaka Bagamoyo, karibu miezi mitatu njiani, na mizigo mabegani. Walikuwa na taabu nyingi sana, lakini damu ya miguuni mwao haikupata nafasi ya kulala. Mtu aliyelazwa wiki nzima baada ya kupasuliwa, au aliyekaa ndani ya basi toka alfajiri mpaka usiku bila kushuka, damu yake hutembea polepole. Nanyi mnajua, mfereji wa bustani maji yakienda polepole hujaa matope.

Bonge la damu likikaa mguuni, mguu huvimba na kuuma. Kipande kikikatika kinasafiri na damu, kinapita moyoni, kinakwama mapafuni. Hapo mtu hushindwa kupumua. Anaweza kufa kabla chai haijachemka.

Hapa kwetu kijana akivimba mguu mmoja ghafla, tunasikia watu wakisema, "Amekanyaga dawa, ametegwa." Hatukuja kugombana na mtu juu ya hilo. Tunasema neno moja tu: mguu wa namna hiyo usikandwe kwa nguvu, wala usichanjwe chale. Kuukanda kunaweza kulikata lile bonge na kulisukuma juu. Mpelekeni mgonjwa hospitali kwanza. Mengine mtayazungumza akiwa hai.

Vidonge vinaingiaje hapo?

Vidonge vya majira vilivyo vingi vina dawa mbili ndani yake. Moja inaitwa estrojeni, ya pili ni ya jamii ya projestini. Zote mbili zinafanana na vichocheo ambavyo mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe. Dawa yenye tabia ya kuifanya damu igande upesi ni ile estrojeni. Ikifika kwenye ini, ini hutengeneza zaidi vile vitu vya kugandisha damu na hupunguza vile vya kuizuia isigande. Mwanamke mwenyewe hasikii kitu. Haumwi popote.

Habari hii haijafichwa, wala haikuzuliwa na wapinzani wa uzazi wa majira. Kidonge cha kwanza kiliruhusiwa kuzuia mimba nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka uliofuata, 1961, daktari mmoja wa Uingereza aliandika katika gazeti la madaktari habari za mgonjwa wake, aliyekuwa akimeza vidonge hivyo kwa ugonjwa mwingine, na damu ikaganda mapafuni. Wengi walisema ni bahati mbaya tu. Lakini mwaka 1968 Waingereza walitoa hesabu zao wakaonyesha kwamba si bahati mbaya. Desemba 1969 wakuu wa dawa wa Uingereza wakawaambia madaktari waache vidonge vyenye estrojeni zaidi ya maikrogramu 50. Mwaka 1970 Baraza la Seneti la Marekani likafanya vikao juu ya jambo hilo, na wanawake wakasimama ukumbini kudai waambiwe ukweli. Hapo ndipo karatasi ya maelezo ikaanza kutiwa ndani ya pakiti. Kwa hiyo ile karatasi ndogo iliyokunjwa, ambayo wengi wenu mnaitupa, ilipiganiwa.

Kidonge cha kwanza kile kilikuwa na maikrogramu 150 za dawa ya jamii ya estrojeni. Vya kawaida vya siku hizi vina 30 au 35. Kwa hiyo bibi akisema, "Vidonge vya zamani vilikuwa vikali," ana haki ya kusema hivyo. Lakini kupungua si kwisha. Hatari ipo bado, ila ni ndogo.

Tuhesabu kwa mahindi

Ndogo kiasi gani? Twende kwa mahindi. Punje 10,000 ni karibu kilo tatu. Mwaga kilo tatu za mahindi kwenye ungo mkubwa. Kila punje ni mwanamke mmoja wa umri wa kuzaa, na tunahesabu kwa mwaka mmoja.

Wakaguzi wa dawa wa Ulaya wanasema hivi. Kama wanawake hao hawana mimba na hawamezi vidonge, 2 kati yao damu itawaganda. Kama wote wanameza vidonge vya kawaida vyenye estrojeni na levonogestreli, watakuwa 5 mpaka 7. Yako mapakiti mengine ya bei kubwa, ya aina mpya, ambayo idadi inafika 9 mpaka 12. Kumbe kipya si lazima kiwe bora!

Sasa geuzeni ungo. Kama wanawake hao wote ni wajawazito, wakaguzi wa Marekani wanasema ni 5 mpaka 20. Na katika majuma 12 ya kwanza baada ya kujifungua, kwa kipimo kile kile cha mwaka, ni 40 mpaka 65. Mmesikia? Mimba na uzazi hugandisha damu kuliko vidonge. Ndiyo maana yule mdogo wake mwandishi wetu alipatwa siku ya kumi baada ya kujifungua. Hakuwa anameza kitu.

Kwa hiyo anayesema, "Nimetupa vidonge nisije nikagandwa na damu," halafu akapata mimba ya sita asiyoitaka, amekimbia mvua akaingia mtoni.

Na tuongeze hili. Hatari ya vidonge ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, hasa miezi mitatu ya kwanza. Mtu akiacha kwa mwezi mmoja au zaidi kisha akaanza tena, ule mwanzo mbaya unarudi. Kuna akina mama wanaomeza wakati mume yupo, mume akienda kambi ya asali wanaacha, akirudi wanaanza. Huo si mtindo mzuri. Haukingi mimba vizuri, na unarudia mwanzo kila mara.

Ndugu ni nani?

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Tabia ya damu kuganda upesi inaweza kurithiwa. Utafiti unaonyesha kwamba mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake aliwahi kugandwa na damu, hatari yake ni karibu mara mbili ya mtu mwingine. Kama waliopatwa ni wawili au zaidi, inaweza kufika mara nne. Sasa chukueni zile punje 2, mzifanye 4, halafu juu yake muweke vidonge. Kwa hesabu ya kukisia mtapata 10, 12 au 14. Bado ni punje chache katika kilo tatu. Lakini punje ile ina watoto watano nyumbani.

Nesi akikuuliza, "Katika ndugu zako yupo aliyewahi kugandwa na damu?" sisi Wanyamwezi tunajibu kwa upana. Ndugu kwetu ni wengi. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, hata jirani tuliyekua naye ni ndugu. Hesabu ya hospitali ni nyembamba. Kwanza wanataka hawa: baba aliyekuzaa, mama aliyekuzaa, ndugu wa tumbo moja au wa baba mmoja, na watoto uliowazaa. Hao ndio wa karibu. Shangazi, mjomba na bibi watajwe pia, ila uzito wao ni mdogo. Wifi, mkwe na shemeji hawamo kabisa. Mama mkwe akivimba mguu, pole yake, mpikieni uji, lakini damu yake siyo yako. Damu yake ni ya watoto wako.

Na hapa ndipo swali la akina baba. Mama anajua ya kwao. Ya ukoo wa baba nani anayajua? Ni ninyi. Binti yako anayekwenda kliniki Tutuo au Kiloleli akiulizwa juu ya upande wa baba, atasema, "Sijui." Dada yako alikufaje? Wewe mwenyewe uliwahi kulazwa kwa mguu? Je, umewahi kumwambia binti yako? Baba anayenyamaza juu ya jambo hilo amemnyima binti yake kipimo ambacho hakina bei.

Tunasema kipimo kwa makusudi. Zipo kasoro za damu zinazopimwa kwa mashine. Ile inayojulikana sana Ulaya inapatikana kwa watu kama 5 katika kila 100 wa huko, lakini kwa sisi Waafrika ni nadra. Kasoro nyingine zipo kila mahali, ila zahanati haina mashine ya kuzitafuta. Kwa hiyo kipimo chetu ni kuuliza. Ulizeni nyumbani hivi: Aliyeugua alivimba mguu mmoja au yote miwili? Alikuwa na umri gani? Alikuwa amejifungua, amepasuliwa, au amelala kitandani muda mrefu? Alipewa dawa za kuzuia damu isigande? Hospitali waliandika nini?

Umri una uzito mkubwa. Mzee wa miaka 75 aliyevunjika nyonga, akalazwa, damu ikaganda, hilo halishangazi. Kijana wa miaka 27 ni jambo jingine. Madaktari wa Uingereza wanaweka mpaka kwenye miaka 45: ndugu wa karibu akipatwa kabla ya umri huo, wanashauri mwanamke asitumie vidonge vyenye estrojeni, labda kama njia nyingine zote zimeshindikana. Shirika la Afya Duniani halikazi kamba hivyo. Linasema mwenye ndugu wa namna hiyo anaweza kwa kawaida kuvitumia, ila mtoa huduma aangalie kwa makini. Lakini wote wawili wanakubaliana juu ya hili: ikiwa ni wewe mwenyewe uliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, vidonge vyenye estrojeni usiviguse.

Na si kila mguu uliovimba ni damu kuganda. Matende ni jambo jingine. Kuvimba miguu yote miwili kwa sababu ya moyo au figo ni jambo jingine. Ndiyo maana tunataka yaliyoandikwa hospitali, si ya kusimuliwa msibani peke yake.

Basi tumjibu mama yetu

Dada, usivitupe leo. Ukivitupa leo bila njia nyingine mkononi, mimba inaweza kuingia kabla ya mwezi kwisha, na mimba kwako ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Lakini usingoje msimu wa tumbaku uishe. Nenda kliniki juma hili. Mwambie nesi maneno uliyoyaandika, vile vile, usipunguze. Kwa kuwa mdogo wako alikuwa kijana, na hospitali walisema ni damu iliyoganda, sisi tunaona heri ubadilishe njia. Kwani tukazanie kidonge kimoja kana kwamba hakuna kingine?

Vipo vingine. Kuna vidonge visivyo na estrojeni, vile wanavyopewa wanaonyonyesha. Hivyo vinahitaji saa: vimezwe saa ile ile kila siku. Kuna kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka mitatu au mitano kwa kufuata aina yake. Kuna kitanzi cha shaba, ambacho hakina kichocheo chochote, na kinaweza kukaa miaka 10 hata 12. Kuna kondomu. Na kwa wale waliokwisha kupata watoto wa kuwatosha, kuna kufunga uzazi, mume au mke. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye ndugu aliyegandwa na damu anaweza kutumia kijiti, kitanzi na vidonge visivyo na estrojeni bila kizuizi. Sindano nayo imeruhusiwa kwake. Ila kwa kuwa uko utafiti wa Uholanzi ulioona hatari kiasi kwa watumiaji wa sindano ya miezi mitatu, sisi tungemwambia mwenye ukoo wenye wagonjwa wawili watatu aanze na kijiti au kitanzi.

Na jambo la pili, dada. Ukija kupata mimba tena, siku ya kwanza ya kliniki waambie habari za mdogo wako, waiandike kwenye kadi. Hili ni kubwa kuliko la vidonge.

Anayemeza kwa siri

Tunajua wapo akina mama wanaomeza bila mume kujua. Pakiti inakaa ndani ya debe la unga, au kwa jirani. Hatuwahukumu, kila nyumba ina mlango wake. Lakini siri hiyo ina mtego. Mama anaugua kifua ghafla, mume anampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Daktari anauliza, "Unatumia dawa yoyote?" Mume amesimama pale pale. Mama anajibu, "Hapana." Daktari anafikiri ni kichomi, anaandika dawa ya kichomi. Saa zinapita.

Akina mama, mwombeni daktari mzungumze peke yenu. Semeni, "Nataka kusema jambo la kike." Hilo linaeleweka, na mume hatauliza. Kisha semeni yote: vidonge gani, tangu lini, na nani katika ukoo. Nanyi akina baba, mkiona mke anataka kubaki na daktari, tokeni nje bila kununa.

Soma pakiti

Sasa tutumie kisomo chetu. Chukua pakiti, iwe imetoka zahanati au duka la dawa. Tafuta neno refu linaloanza na herufi E: ETHINYLESTRADIOL. Lisome herufi kwa herufi, hakuna anayekukimbiza. Neno hilo likiwepo, vidonge hivyo vina estrojeni. Pembeni yake kuna namba. Ikiwa ni 0.03 mg, hiyo ni sawa na maikrogramu 30. Microgynon, kwa mfano, ina neno hilo. Microlut haina, ina levonogestreli peke yake.

Pakiti nyingi za namna ya kwanza zina vidonge 28: 21 vya dawa, na 7 vya rangi nyingine ambavyo havina dawa ya uzazi, mara nyingi ni vya madini ya chuma. Wapo wanaodhani vile saba ndivyo vikali. La, vikali havimo humo.

Pakiti isiyosomeka usiinunue. Nchini Kenya kilizagaa kidonge watu walichokiita Sofia. Kinamezwa kimoja tu kwa mwezi, na pakiti yake imeandikwa Kichina. Akina mama wengi walikipenda kwa sababu hakina usumbufu wa kila siku. Wakuu wa dawa wa Kenya wakakipiga marufuku. Kilipopimwa kilikutwa na dawa ya jamii ya estrojeni kwa wingi kupita kiasi kabisa. Mwanamke mwenye damu inayoganda upesi akimeza kitu hicho, tumwombee. Biashara haina mpaka, bidhaa za Nairobi zinafika minadani kwetu. Mchuuzi akikuletea kidonge cha mwezi mmoja, mwambie akusomee pakiti. Akishindwa, na wewe ukishindwa, basi kila mtu abaki na chake.

Wengine wanaopaswa kujihadhari

Hata asiye na ndugu aliyepatwa, wako ambao vidonge vyenye estrojeni haviwafai. Mwenye presha ya juu. Aliyejifungua karibuni: kama hanyonyeshi angoje angalau majuma matatu, na nesi aangalie kama hana hatari nyingine, kama ananyonyesha, miezi sita. Anayeumwa kichwa cha upande mmoja huku akiona vimulimuli machoni. Anayengoja kupasuliwa na kulazwa muda mrefu: amwambie daktari majuma kadhaa kabla. Na mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara au kiko. Hapa wilayani petu tunalima tumbaku, tunaiuza, watoto wanasoma kwa fedha yake. Kuilima ni jambo moja, kuivuta na kumeza vidonge ni jambo jingine, maana vikikutana hushambulia moyo na ubongo. Mwenye ugonjwa wa selimundu naye aseme, kwa sababu ugonjwa huo peke yake hugandisha damu, na njia zisizo na estrojeni zinamfaa zaidi.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye shavu la mguu au paja, na kuwa wa moto. Vitabu vinasema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumieni mgongo wa mkono: gusa mguu huu, gusa ule, linganisha joto.

Kukosa pumzi ghafla. Kifua kuchoma unapovuta hewa. Kukohoa damu. Kuzimia.

Kichwa kuuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, macho kufifia ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja kufa ganzi, au maneno kushindwa kutoka.

Mojawapo ikitokea, acha kumeza kidonge, nenda siku hiyo hiyo. Zahanati ikiwa ndiyo iliyo karibu, ingia, lakini usikubali kurudishwa nyumbani na panadoli. Waambie, "Nameza vidonge vya majira, na mdogo wangu alikufa kwa damu kuganda." Sentensi hiyo moja itawashtua. Hospitali ina dawa za kuzuia bonge lisikue, za sindano na za kumeza. Ikibidi, utapelekwa Kitete, Tabora. Kutoka Sikonge ni kilomita zipatazo 70, na wakati wa masika kuna vijiji ambavyo njia yake hukatika, kwa hiyo msingoje jioni.

Maswali mliyotuuliza

Mzee mmoja aliuliza: "Mbona mwaka 2021 mlisema chanjo ya korona ndiyo inayogandisha damu?" Mzee wetu, waliosema hivyo ni watu wa mitaani. Ni kweli kwamba Aprili mwaka huo Marekani ilisimamisha kwa siku chache chanjo ya Johnson & Johnson kwa sababu ya watu wachache sana waliogandwa na damu, na chanjo hiyo ilifika nchini Julai. Kuganda kule kulikuwa kwa namna yake, kwa nadra kuliko kwa vidonge. Tangu wakati huo maneno hayo mawili, damu kuganda, yamebaki na hofu, na watu huyabandika kila mahali.

Mama mmoja aliuliza kama vile vidonge vya dharura, P2, navyo vina estrojeni. P2 inayouzwa kwetu ina levonogestreli peke yake. Lakini ni ya dharura. Anayeimeza kila juma kama njia yake ya uzazi atasumbuka na damu ya mwezi, na mimba inaweza kupenya.

Msichana mmoja aliuliza: "Nikisafiri kwa basi mpaka Dar es Salaam, nifanye nini?" Kunywa maji. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa umekaa, inua visigino na kuvishusha mara kwa mara, ili shavu la mguu lifanye kazi yake.

Na mama mwingine aliuliza: "Tukifika zahanati tukaambiwa vijiti vimekwisha, na nesi wa kitanzi hayupo, turudi na nini?" Ombeni kondomu siku hiyo hiyo, pamoja na vidonge visivyo na estrojeni kama vipo. Ulizeni siku ambayo timu ya huduma za mkoba itapita kijijini, mwandike tarehe kwenye daftari. Siku hiyo ikifika, fikeni asubuhi, maana vijiti huwa vya kuhesabu.